Mrejesho: ile kompyuta ya mezani iliyokuwa inajivuta

Wakuu, nimerudi na shukrani. Kwa ambao hawakuwepo: niliuliza kuhusu kompyuta ya nyumbani, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, ambayo nikiiwasha asubuhi naenda kuchemsha chai, nainywa, narudi nakuta vile viduara bado vinazunguka.

Nilianza na vya bure. Nikazima programu zinazojiwasha zenyewe (zilikuwa 11, mbili hata sijui zilitoka wapi). Ikachangamka kidogo tu. Ndipo nikafuata alichosema mkuu mmoja: bonyeza Ctrl+Shift+Esc (inafungua Task Manager, inayoonyesha nini kinatumika kiasi gani), tazama safu ya diski. 100%, na sijafungua kitu! Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa 9%. Kumbe nilikuwa naisingizia bure; diski ya kuzunguka ndiyo iliyokuwa inakaba kila kitu.

Nikanunua SSD (diski ya kasi, isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya 240GB Kariakoo, elfu sitini na tano. Fundi alitaka kunibadilishia mpaka mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), nikamkatalia. Nikahamisha mafaili kwanza, nikapiga Windows upya. Skrubu nne, nyaya mbili, basi. Vumbi lililotoka humo lingejaza kikombe.

Sasa inawaka kwa sekunde 20 hivi. Zamani ilikuwa dakika nne na ushee. Diski ya zamani nimeiacha humo humo, inatunza picha na miziki. Nikifungua kurasa nyingi kwa pamoja bado inakwama kidogo, hiyo ni RAM. Mwisho wa mwezi naongeza 4GB nyingine.

Na wewe uliyeniambia niiuze kwa wauza vyuma chakavu, nimekuona.