Naingia Kampala mara ya kwanza kwa fildi ya wiki nane: siku ya kwanza nianzie wapi?

Kijana wa Kirumba
Shikamooni wakubwa. Nasoma Mwanza, nimepata fildi ya wiki nane Kampala kuanzia katikati ya Juni, ofisi iko Wandegeya. Nakuja na basi kupitia Mutukula, huenda nikaingia usiku. Nina begi moja, laptopu na dola 300 taslimu. Kuna dalali ananitumia picha za chumba, anataka nilipe semista nzima kwa simu. Nifanyeje?

Mama Busega
Marahaba mwanangu, karibu. Dalali usimpe hata senti. Hosteli za Wandegeya na Kikoni zinategemea wanafunzi wa Makerere, ndiyo maana hulipisha kwa semista. Ila Juni na Julai wengi wao wako makwao, vyumba vimekaa bure, na mwenye hosteli ukimbembeleza hukubali pesa ya mwezi. Mtego ni Agosti, wenyewe wakirudi. Andikishaneni tarehe ya kutoka, la sivyo wiki ya saba utakuta godoro lako koridoni.

Usiku wa kwanza lala gesti, asubuhi ndiyo ukakague. Fungua bomba. Uliza kama kuna tangi, maana maji yakikatika ghorofa za juu ndizo hukauka kwanza. Ingiza ufunguo mwenyewe uone kama unazunguka. Halafu mita ya Yaka, ndiyo Luku yenu: ni yako peke yako au mnachangia? Mkichangia, jirani mwenye jiko la umeme atakula yuniti zenu zote.

Konda Mstaafu
Mdogo wangu, anza na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo ukichanjwa leo na kusafiri keshokutwa, kadi yako haijaanza kazi. Itunze, utaulizwa tena ukirudi Tanzania.

Mpakani, dirisha la uhamiaji, usiseme "natembea" wakati unakwenda kufanya fildi. Toa barua ya chuo na ya ofisi inayokupokea, uliza kama unahitaji kibali cha mwanafunzi, na kabla ya kuondoka soma siku ulizogongewa kwenye pasipoti. Kosa likionekana palepale ni rahisi kulirekebisha.

Wabadilisha pesa wa mpakani wana kalkuleta zenye ujanja. Piga hesabu kwenye simu yako, hesabu noti zao kwanza ndipo utoe zako. Badilisha ya nauli na chakula tu. Dola zibakize hadi kwenye duka la fedha mjini, na ziwe noti za 100, safi, za miaka ya karibuni. Noti ndogo za 1 hadi 20 hupewa bei ya chini, na za zamani hukataliwa.

Kijana wa Kirumba
Asanteni sana. Na kutoka kituoni je? Nichukue teksi?

Konda Mstaafu
Hapo ndipo wageni wanapopotea! Huku "teksi" ni hiyo daladala yenu ya abiria 14. Gari la kukodi peke yako huitwa "speshali". Ukiingia usiku usitembee na begi Kisenyi, mtaa wenye kituo cha mabasi. Agiza speshali kwa programu ya simu, bei uione kabla ya kupanda. Boda na begi kubwa usiku, hapana.

Mchana panda teksi. Nauli iulize kabla ya kuingia, kwa sababu hupanda jioni na mvua ikinyesha. Ukitaka kushuka sema "mu maaso awo", dereva atasimama hapo mbele. Simu usiishike dirishani kwenye foleni, hunyakuliwa.

Binti Kikoni
Kaka, laini sajili dukani kwa kampuni au kwa wakala mwenye mashine, na nenda na pasipoti halisi, nakala haikubaliki. Nenda asubuhi, mchana foleni ni ndefu. Pesa ya simu ukiitoa unakatwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya wakala. Ukitoa 200,000, kodi peke yake ni 1,000. Unapoweza kulipa moja kwa moja kwa simu, lipa.

Lugha: Kiswahili kitakusaidia kituoni na sokoni, lakini wengi watakujibu kwa Kiganda au Kiingereza, na wazee wengine Kiswahili huwakumbusha wanajeshi. Anza na "ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, kisha "ssente mmeka?" yaani bei gani.

Lete sweta na chandarua. Alfajiri za Julai zina ubaridi kidogo, na malaria ipo. Plagi usihangaike, ni zilezile za pini tatu.

Mama Busega
Na usiku wa kwanza kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Simama ukiangalia ikikaangwa, usichukue iliyolala kabatini.