Acheni kuwapima warushaji wa besiboli kwa idadi ya ushindi, tuzo ya Cy Young (ya mrushaji bora wa msimu) imeharibika kwa sababu hiyo

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi wa warushaji bora wa MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani), mtu anakuja na "fulani alishinda mechi 20" na mjadala unaishia hapo. Inaudhi.

Elewa kwanza ushindi unaandikwaje. Mrushaji aliyeanza mechi lazima amalize awamu 5 kati ya 9, atoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee mpaka mwisho. Sasa chukua huyu: amerusha awamu 8, ameruhusu pointi 1, anatoka wakiongoza 2-1. Anaingia mrushaji wa akiba awamu ya 9, anaruhusu wapinzani wasawazishe, kisha wenzake wanapata pointi ya tatu nusu ya pili ya awamu hiyo hiyo. Ushindi anaandikiwa aliyeharibu! Aliyefanya kazi usiku mzima hapati kitu. Huo ndio mzani mnaousifia?

Wapiga kura wa Cy Young waliuamini mzani huu tangu tuzo ianze 1956. Mwaka 1987 Nolan Ryan wa Houston aliongoza National League (moja ya ligi mbili za MLB) kwa ERA, yaani wastani wa pointi zinazotokana na mrushaji mwenyewe kwa kila awamu 9, ya 2.76 na kwa kuwatoa wapigaji 270 kwa straiki (straikiauti). Timu haikumfungia pointi za kutosha, akamaliza na mechi 8 za kushinda, 16 za kushindwa. Akawa wa tano kwa kura. Tuzo ikaenda kwa Steve Bedrosian, mrushaji wa kumalizia mechi. Ryan amestaafu na straikiauti 5,714, rekodi mpaka leo, bila Cy Young hata moja.

1990 ndiyo inayoniuma zaidi. Bob Welch alikuwa na 27-6 (ameshinda 27, ameshindwa 6), Roger Clemens 21-6, wapiga kura wakachanganyikiwa na hiyo 27. Lakini ERA ya Welch ilikuwa 2.95, ya Clemens 1.93. Yaani katika kila awamu 9 Welch aliruhusu pointi nzima zaidi. Alichokuwa nacho ni Oakland nyuma yake, timu iliyoshinda mechi 103 msimu ule. Akapewa. 2005 wakarudia: Bartolo Colon, 21-8 na ERA 3.48, akamshinda Johan Santana mwenye 2.87 na awamu nyingi zaidi.

Wameanza kuzinduka 2010 walipompa Félix Hernández mwenye 13-12, halafu 2018 Jacob deGrom akachukua kwa 10-9 tu, ERA 1.70. Vizuri, ila hakuna anayewarudishia Ryan na Clemens kura zao.

Na msiniletee ushindi 300 kama sharti la kuingia Hall of Fame (ukumbi wa magwiji wa besiboli). Wamefika 24 tu, wa mwisho Randy Johnson 2009, na siku hizi mrushaji anatolewa akikaribia mipira 100, mechi bado mbichi.

Anayetaka kubisha achukue pointi zilizotokana na mrushaji mwenyewe, azidishe kwa 9, agawanye kwa awamu alizorusha, apate ERA, halafu aangalie pia straikiauti na wapigaji waliopewa besi ya bure. Aje na namba hizo za Welch na Clemens, tubishane.