Mtoto mwenye Tetralojia ya Fallot: tuandae nini kabla ya rufaa ya nje?

Mhudumu_Geita
Habari wakuu. Kuna mtoto kijijini, miaka 4, kilo 11. Akicheza kidogo anachuchumaa, midomo na kucha zinakuwa bluu. Eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imefanyika Hospitali ya Bugando, jibu ni Tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo za kuzaliwa nazo. Wazazi wamesikia kuna mashirika ya kujitolea yanayopeleka watoto nje wafanyiwe upasuaji bure. Tuanzie wapi, na huwa kunakwama nini?

Nesi_Moyo
Pole kwa wazazi. Msianze na nje. Ulizeni kwanza nafasi JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) Dar na ratiba ya kambi za madaktari wageni. Mashirika yenyewe yanaelekea kwenye matibabu ya nchini kwa mtoto: Gift of Life ya Rotary ilianza 1975 kwa kumpeleka msichana wa Uganda New York, leo inatuma timu na kufundisha. Save a Child's Heart bado inapokea watoto Hospitali ya Wolfson, Holon, Israel, ila nayo imefundisha madaktari wetu wa upasuaji.

Ikibidi nje, rufaa huandikwa na daktari wa moyo. Mwombeni video za eko zenyewe kwenye flashi, maana karatasi ya majibu peke yake haimtoshi daktari wa upasuaji. Anayetaka "ada ya fomu" kwa simu, achaneni naye.

Kinachoahirisha safari mara nyingi ni meno. Jino bovu hupeleka bakteria kwenye damu, wakajenga ndani ya moyo. Aonwe na daktari wa meno sasa hivi, siyo wiki ya safari, na kabla ya kung'oa apewe amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo, dakika 30 hadi 60 kabla. Pia pimeni madini chuma. Hb (kiwango cha damu) ya 12 inaonekana nzuri, kumbe kwa mtoto wa bluu inaweza kuwa upungufu, na upungufu huo huongeza vipindi vya kubadilika rangi.

Akilia akazidi kuwa bluu: mkunjeni magoti yaguse kifua, mtulizeni, muwahi penye oksijeni.

Baba_Nyaraka
Upande wa makaratasi, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi) ndicho kinachokula muda. Jina likitofautiana hata herufi moja na la kwenye rufaa au kadi ya kliniki, pasipoti inasimama. Rekebisheni leo. Wazazi wote wawili wasaini ridhaa mbele ya wakili.

Na ndege msiichukulie kawaida. Hewa ya ndani ni kama ya mlima wa mita 2,400, kwa hiyo oksijeni ya mtoto itashuka zaidi. Daktari ajaze MEDIF, fomu ya shirika la ndege ya taarifa za mgonjwa, oksijeni iombwe mapema. Mashirika mengi ya ndege hutaka taarifa angalau saa 48 kabla. Maji anywe njia nzima, damu yake ni nzito na kukaukiwa kunaweza kuleta kiharusi.

Mhudumu_Geita
Asanteni sana. Mama ana kichanga cha miezi 3. Ni lazima aende?

Nesi_Moyo
Si lazima, dada. Watoto wanaweza kusafiri kwa kundi na muuguzi, ila mweleze mama mapema kwamba mtoto atakaa huko wiki kadhaa. Shangazi au bibi anaweza kwenda badala yake, shirika likikubali. Anayekwenda afundishwe dawa, na arudi na ripoti ya upasuaji. Vali ya moyo ya kwenda kwenye mapafu huweza kuvuja miaka mingi baada ya upasuaji, hivyo kliniki ya moyo ni ya maisha, na eko inayofuata isomwe pamoja na ripoti hiyo.