Baba hahisi maji ya moto miguuni, lakini akiguswa anahisi: naomba ushauri

BintiMufindi:
Ndugu wanajamvi, salaam. Baba yangu ni mtu mzima wa miaka 68 na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Katika baridi hii ya Mufindi ya mwezi wa saba amezoea kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kulala, kwa kuwa hulalamika kwamba nyayo zake zina baridi kali, ingawa mimi nikizishika naona zina joto la kawaida. Jana usiku alitoa miguu ngozi ikiwa imebabuka na malengelenge yametoka vidoleni, naye hakuwa amehisi lolote. Kinachonichanganya ni kwamba kliniki walimgusa nyayo kwa uzi wa plastiki akiwa amefumba macho, akataja kila mahali alipoguswa bila kukosea, tukaambiwa neva zake ni nzima. Inawezekanaje ngozi ihisi uzi mwembamba namna ile, kisha isihisi maji yanayounguza? Na tufanye nini?

MuuguziMstaafu:
Pole sana, mwanangu, na mzee mpe pole zangu. Maelezo ya neva watakupa wengine. Mimi naanza na malengelenge. Mpeleke hospitali leo, hata kama anasema hasikii maumivu, kwa sababu kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari huharibika haraka na kutosikia maumivu ndiyo hatari yenyewe. Usiyapasue, na usikubali majirani wampake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, mwende.

MwalimuFiziolojia:
Naunga mkono aliyetangulia. Kuhusu swali lako, mguso na joto havisafiri kwa njia moja. Uzi ule hupima neva nene, ambazo habari zake hupanda kwenye uti wa mgongo kwa upande uleule wa mwili na kuvuka zikifika shina la ubongo. Joto na baridi hubebwa na neva nyembamba sana, na zile za joto ni za polepole kiasi kwamba hata kwa mtu mzima wa afya umeme wake husafiri mita moja hivi kwa sekunde. Kisukari kinaweza kuziumiza nyembamba mapema huku nene zikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo kipimo cha uzi hakikusema uongo. Kilijibu swali jingine.

Ncha za neva hizo nyembamba zimo ndani ya ngozi, na zina protini ambazo ni milango ya ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme. Mlango uitwao TRPM8 hufunguka ngozi ikipoa, kwenye nyuzijoto 26 hivi kushuka chini, na TRPV1 hufunguka joto likifika kama nyuzijoto 43. Huu wa pili ulitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius kwa kutumia kapsaisini, kile kinachowasha katika pilipili, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mlango ukifunguka, sodiamu na kalsiamu huingia ndani ya seli na umeme huanza safari. Kiini cha seli hiyo kiko kando ya uti wa mgongo, ilhali ncha yake iko kidoleni, umbali unaokaribia mita nzima. Neva ndefu ndizo huathirika kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kupanda mguu kama soksi.

Ndani ya uti wa mgongo habari hupokewa na seli ya pili, ambayo huvuka upande wa pili karibu na hapohapo, hupanda hadi thalamasi, kituo cha kupokelea habari za hisia katikati ya ubongo, kisha hufikishwa kwenye gamba la insula, sehemu ya ubongo ambako mtu hutambua kwamba hili ni baridi au joto. Tawi jingine hupitia shina la ubongo na kuishia haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, ambako huamuliwa suala la kutetemeka na kubana mishipa ya damu ya ngozi, bila mtu kushauriwa. Haipothalamasi ina seli zinazopima joto la damu inayoizunguka, lakini habari za kidole cha mguu haiwezi kuzijua ila ziletwe na neva. Neva iliyoumia ikijirushia umeme yenyewe, ubongo huusoma kuwa ni baridi ya kweli. Hiyo huenda ndiyo baridi anayolalamikia baba yako, nayo maji ya moto hayawezi kuiondoa. Hata hivyo daktari apime pia mapigo ya mishipa ya damu miguuni, kwani damu isipofika vizuri nayo huleta baridi.

Kijana_wa_Tanga:
Wakuu, kwa nini asipakwe dawa ya kuchua yenye mentoli, au ile ya pilipili? Bibi yangu huitumia na miguu yake hupata moto.

MwalimuFiziolojia:
Mentoli itamzidishia, kwa kuwa hufungua ule mlango wa baridi bila ngozi kupoa hata kidogo. Krimu ya kapsaisini hutolewa kweli kwa maumivu ya neva, lakini ikitumika mfululizo huzima ncha zilezile zinazotambua joto, na krimu hiyo haipakwi kwenye ngozi iliyobabuka. Daktari ndiye aamue.

BintiMufindi:
Ahsanteni sana. Tumetoka hospitali, amefungwa vidonda na atarudi keshokutwa. Mama anauliza kama anaweza kuwa anampimia maji kwa mkono.

MuuguziMstaafu:
Hata vidonda vikipona, kuloweka miguu kukome kabisa. Aoshe haraka na kukausha katikati ya vidole. Mama apime kwa kiwiko, si kwa kiganja kilichotoka kufua kwa maji ya baridi, kwani kiganja hicho huona maji ya vuguvugu kuwa ya moto, na kilichozoea sufuria hudanganya kwa upande wa pili. Akipata kipimajoto, nyuzijoto 32 hadi 35 zinatosha. Chupa ya maji ya moto isiingie kitandani, kwa kuwa hata joto la nyuzi 45, ambalo mkono huvumilia, huunguza likikaa mguuni kwa saa kadhaa. Avae soksi za sufu zisizobana, na jiko la mkaa likae mbali na miguu yake. Halafu, mkirudi kliniki, ombeni apimwe hisia ya joto na baridi, si mguso peke yake, na kama anatumia metfomini, dawa ya kisukari, ulizeni kuhusu kupima vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza na upungufu wake huharibu neva pia.

BintiMufindi:
Anatumia metfomini. Nimeandika yote kwenye daftari lake la kliniki.