Tupeane uzoefu: pombe na safari za Uarabuni

Waungwana, naanza mimi wa Malindi. Binamu yangu yuko Doha, akanitumia ujumbe: ana kiu ya pombe ya mnazi. Nikatia lita moja kwenye chupa ya soda, nikaifunga selotepu, nikaiviringisha kwa kanga ya mke wangu, ndani ya begi. Nikasahau kwamba mnazi haungojani na mtu, njia nzima wachacha tu. Na Qatar msafiri haruhusiwi kuingiza pombe hata tone, begi lapita eksirei kabla hujatoka uwanjani. Askari alipolifungua, chupa imevimba kama mpira. Akalegeza kifuniko: fyuuu! Povu hadi kwenye mkono wa shati. "Nini hii?" Nikasema maji ya nazi. Hakucheka. Wakamwaga, wakaandika jina langu, wakaniachia. Jioni binamu akanipeleka hoteli yenye kibali, akaagiza bia mbili. Kwa bei ile, kwetu mangweni, kunakouzwa mnazi, ningenywesha mtaa.

Dereva mstaafu: Mimi nilifanya kazi Dubai nikilala Sharjah, kodi nafuu. Watu wadhani Falme za Kiarabu sheria ni moja. Dubai maduka ya pombe yapo, umri miaka 21. Sharjah, hapo jirani tu, kukutwa nayo garini ni kesi. Mwenzangu wa chumba alikuwa na makopo sita kwenye buti akagongwa kwa nyuma. Kosa si lake, lakini angewaitaje polisi? Bampa alilipa mwenyewe. Na huko usiguse usukani ukiwa umeonja, hata funda moja.

Mama wa Jeddah: Saudia ni marufuku tangu 1952. Lile duka la pombe la Riyadh la 2024 lilifunguliwa kwa wanadiplomasia wasio Waislamu, si letu sisi. Mkiletewa "sadiki", gongo ya kupikwa majumbani, kataeni. Kuwait, Agosti 2025, zaidi ya watu 20 walikufa kwa pombe yenye methanoli.

Nahodha wa Amu (Lamu): Mwasema ya mbali. Mgeni wangu alishuka mashuani mchana wa Ramadhani, kopo la bia mkononi, ashika njia ya msikiti wa Riyadha. Mzee mmoja barazani hakumwambia kitu yeye. Aliniita mimi: "Mwanangu, aliyepotea ni mgeni au ni wewe?" Nililifunika kopo kwa kofia yangu.

Mimi tena: aliyepitia Muscat yuko wapi, atwambie? Na mke wangu bado adai kanga.