Oda ya vikapu 60, mtaji laki sita na nusu: nifanyeje?

DadaMilulu
Wakuu, habari za saa hizi. Nauza zawadi: vikapu vya Iringa vya milulu (nyasi za kusukia), vingine nabandika vishikio vya ngozi. Duka sina. Mzigo umejaa chumbani kwa mama mdogo Kinondoni, na wikiendi natandika meza popote wanapokusanyika wageni. Wasukaji ni kina mama wa kijiji kimoja Iringa. Kikapu cha kati nachukua kwa 15,000, taslimu, bei wanapanga wao.

Sasa kuna duka Ujerumani wameagiza 60 kwa ajili ya Krismasi, ila wanataka kulipa siku 30 baada ya kupokea. Vikapu peke yake ni 900,000. Bado nauli ya basi, bado ngozi, bado ndege. Mimi nina 650,000. Kina mama wanataka nusu kabla hawajaanza. Rafiki yangu anasema niwakope vikapu, niwalipe duka likilipa. Moyo umekataa. Mikopo ya simu ndiyo kabisa, naiogopa. Tena duka wanauliza kama nina cheti cha Fairtrade, ile nembo ya biashara ya haki!

MzeeWaMwenge
Binti, huyo rafiki muache. Anataka mama wa kijijini angoje miezi ili duka la Ulaya lisingoje. Waandikie hao wateja bila haya. Shirika la biashara ya haki duniani, WFTO, lina kanuni 10, na ya tatu inasema mzalishaji wa kazi za mikono akiomba malipo ya awali, apewe angalau nusu, bila riba. Wakikataa hilo, cheti wanakuulizia cha nini? Halafu nembo ya Fairtrade ni hasa ya kahawa, chai, kakao, ndizi na mazao ya namna hiyo. Vikapu havimo, kwa hiyo usiumize kichwa. Watumie daftari lako la malipo na picha za wasukaji, waliokubali kupigwa lakini.

Kitakachokumaliza ni ndege. Kampuni za vifurushi hazipimi kilo tu, zinapima na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 19 na ushei hata kama ndani mna kilo sita. Utakuwa unalipia hewa. Wauzie seti za vitatu, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa.

Mashaka_TZ
Haki haki, sawa. Kikapu kimoja kinasukwa siku ngapi? Igawe hiyo 15,000 kwa siku hizo, toa gharama ya milulu na rangi, kisha linganisha na anacholipwa kibarua wa palizi kijijini hapohapo. Kama kibarua anamzidi msukaji, basi hiyo ni bei ya shida.

KatibuKikundi
Mimi niko upande wa wasukaji, huku huku Iringa. Mashaka kauliza vizuri, ila wengi wetu tunasuka jioni baada ya shamba, kwa hiyo usihesabu siku, hesabu saa. Mdogo wangu, agizo la Krismasi lilete mapema, Agosti au Septemba mwanzoni. Novemba mvua zikikaribia tunashika majembe, na milulu mibichi haikauki, kikapu kinaota ukungu njiani.

Habari ya seti: usituletee vipimo kwenye simu. Kuna mnunuzi alituachia maduara matatu ya kadibodi, ya vitako, na kamba yenye mafundo ya kimo. Msukaji anaweka kitako juu ya duara, anaona mwenyewe kama kimezidi. Tangu hapo vikapu vinaingiana bila kulazimisha. Na kikizidi kidogo usimrudishie mama wa watu, kiuze hapo Dar.

DadaMilulu
Asanteni sana, shikamoo Mzee. Mashaka, nitakaa nao nihesabu saa, na ikibidi kupandisha nitapandisha kwa duka, sio kwa kina mama. Duka wamejibu leo: asilimia 40 sasa, iliyobaki wakiona picha za mzigo uliofungwa, kabla ya ndege. Nimewajibu wafanye asilimia 50. Dada Katibu, kitako cha duara dogo kabisa kiwe sentimita ngapi, na kadibodi ya boksi la sabuni inafaa au inalegea?