Raspberry Pi inazimika kila roboti inapokata kona

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Nimeunda roboti ya magurudumu mawili inayoongozwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, na programu yake nimeiandika kwa Python nikitumia maktaba ya gpiozero. Mota zinaendeshwa na bodi ya L298N, na mota pamoja na kompyuta vinapata umeme kutoka pakiti moja ya betri. Nikiinyanyua magurudumu yakazunguka hewani, roboti inatii kila amri. Nikiiweka sakafuni inakwenda mbele vizuri, lakini ikikata kona kompyuta inazimika na kuwaka upya. Nimeipitia programu mstari kwa mstari kwa siku tatu, sijaona kosa. Vilevile, sensa ya umbali ya HC-SR04 haisomi zaidi ya mita 1 hata ukuta ukiwa mbali. Tatizo ni programu au nyaya?

Jibu la kwanza

Ndugu, programu iache kwanza, ukague umeme. Mota inapoanza kuzunguka, au inapogeuzwa ghafla ikiwa na mzigo, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapozunguka bure. Ndiyo maana hewani hukuona tatizo lolote. Amri ya left() hupeleka gurudumu la kulia mbele na la kushoto nyuma, kwa hiyo mota iliyokuwa ikienda mbele inalazimishwa kugeuka papo hapo. Betri ikielemewa, volti hushuka, na zikifika chini ya takriban 4.63 Raspberry Pi huanza kulalamika.

Ili kuthibitisha, kata kona kwa mwendo mdogo, tuseme left(0.4), kisha kabla kompyuta haijazimika andika kwenye terminali amri ya vcgencmd get_throttled, inayoonyesha kama umeme uliwahi kupungua. Jibu la 0x0 maana yake umeme umetosha tangu iwashwe; 0x50000 maana yake uliwahi kupungua. Usisubiri izimike, kwa sababu ikiwaka upya kumbukumbu hiyo hufutika.

Dawa yake ni kuipa kompyuta chanzo chake cha umeme na mota betri zake. Usikawie, kwani kuzimika ghafla mara kwa mara kunaweza kuharibu mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu sensa. Hiyo mita 1 ni kikomo ambacho DistanceSensor, sehemu ya gpiozero inayosoma sensa ya umbali, hujiwekea usipotaja kingine; andika max_distance=3 nayo itasoma mbali zaidi. Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi ni waya wa Echo, yaani ule unaorudisha jibu la sensa kwenye kompyuta. Sensa ikiwashwa kwa volti 5, Echo nayo hutoa volti 5, ilhali pini za Raspberry Pi zimeundwa kwa volti 3.3. Tafadhali weka rezista ya kiloomu 1 kati ya Echo na pini, na nyingine ya kiloomu 2 kutoka kwenye pini hiyo hadi upande wa hasi. Hapo pini itapata takriban volti 3.3. Kama umeiunganisha moja kwa moja, ichomoe leo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Niliiunganisha moja kwa moja kweli, na nimeshaichomoa. Kipimo kimetoa 0x50000. Nimetenganisha betri, na kompyuta haizimiki tena, lakini sasa magurudumu yanashtuka-shtuka bila kufuata amri.

Jibu la kwanza

Hapo nina hakika hujaunganisha hasi ya betri za mota na hasi ya Raspberry Pi. Chanya zitengane, lakini hasi lazima zikutane kwenye pini ya GND (ya hasi) ya L298N, la sivyo bodi hiyo haina msingi wa kupimia volti 3.3 zinazotoka kwenye pini zako. Ukishaunganisha, weka stop() na sleep(0.2), yaani kusimama kwa sekunde 0.2, kabla ya kila left() na right(), ili mota ipunguze kasi kabla ya kugeuzwa.

Muulizaji

Ni kweli, waya wa hasi haukuwepo. Nimeuweka, na roboti imekata kona kumi mfululizo bila kuzimika.